Ripoti inasema asilimia 98, lakini kompyuta 78 hazimo: uzoefu wa kusambaza viraka vya usalama ofisini

Fundi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiahidi kuandika jinsi tunavyosambaza masasisho ya usalama, yaani viraka, kwenye kompyuta za taasisi ninayoifanyia kazi, na leo nimepata nafasi. Taasisi yenyewe sitaitaja. Itoshe kusema kwamba makao makuu yako Dar es Salaam, matawi ni saba mikoani, na kitengo chetu cha TEHAMA kina watu wanne, mmoja wao akiwa masomoni.

Miaka kadhaa iliyopita mkuu wa kitengo alipeleka kwenye kikao cha menejimenti ripoti iliyotoka moja kwa moja kwenye seva yetu ya WSUS (programu ya Microsoft inayogawa masasisho kwa kompyuta za ofisi), ikionyesha kwamba asilimia 98 ya kompyuta zilikuwa zimeshapokea viraka vya mwezi ule. Tukapongezwa. Wiki mbili baadaye mkaguzi wa ndani, mama mmoja mtaratibu ambaye taaluma yake ni uhasibu wala si kompyuta, aliuliza swali moja tu: asilimia 98 ya ngapi? Tukafungua seva, tukamjibu kwamba ni ya kompyuta 262. Yeye akafungua daftari la mali za taasisi, akatuonyesha kompyuta 340. Ukipiga hesabu, mashine zilizokuwa na viraka kwa uhakika zilikuwa 257, yaani asilimia 75 na ushee ya zile ambazo taasisi imezinunua na inazitumia.

Hizo 78 zilikuwa wapi? Ilituchukua karibu mwezi mzima kuzitafuta chumba kwa chumba. Nilidhani nyingi zitakuwa mbovu au zimefungiwa stoo, kumbe 31 zilikuwa zikifanya kazi kila siku mbele ya macho yetu. Zilinunuliwa kwa mkupuo, na aliyeziandaa aliweka Windows kwenye mashine moja, akaisanidi vizuri, kisha akainakili kwenye nyingine 31 bila kuipitisha kwanza kwenye Sysprep, zana ya Windows inayofuta utambulisho wa mashine kabla haijanakiliwa. Kila mashine inayojisajili kwenye WSUS hujitambulisha kwa namba inayohifadhiwa kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake) kwa jina la SusClientId, na kwa kuwa namba hiyo ilinakiliwa pamoja na kila kitu kingine, seva iliziona mashine 32 kama mashine moja inayobadilisha jina kutwa nzima. Asubuhi unaikuta inaitwa UHASIBU-04, mchana inaitwa MASJALA-02. Jambo hilo nilikuwa nimeshaliona kwa macho yangu, nikadhani ni seva imechoka.

Dawa yake ni fupi. Unasimamisha huduma ya masasisho kwenye mashine husika, unafuta SusClientId na SusClientIdValidation kwenye rejista, unawasha huduma tena, kisha unaiamuru mashine ijisajili upya kwa wuauclt /resetauthorization /detectnow. Tuliandika amri hizo kwenye faili moja ya mistari michache, tukaisambaza kwa sera ya domeni (kundi la kompyuta za ofisi zinazosimamiwa kwa pamoja kutoka kwenye seva) ifanye kazi mara moja tu, na kesho yake idadi kwenye seva ikaanza kupanda yenyewe.

Mashine 22 zilikuwa za tawi moja ambalo ruta yake ilibadilishwa na mkandarasi. Aliruhusu barua pepe, mfumo wa malipo na tovuti, akasahau lango (port) namba 8530, njia ya mawasiliano ambayo WSUS huitumia. Hapa ndipo pananiuma hadi leo. Seva ina zana ya usafi ambayo huondoa kwenye orodha kompyuta yoyote iliyokaa siku 30 bila kuwasiliana nayo, nasi tulikuwa tukiiendesha kila mwezi kwa uaminifu mkubwa, kwa hiyo tawi zima lilipokatika halikuonekana kwenye ripoti kama tatizo, bali lilifutika, na kwa kufutika kwake asilimia yetu ikapanda.

Zilizobaki zilikuwa laptopu 14 za maofisa wanaosafiri, ambazo hugusa mtandao wa ofisi mara moja kwa miezi miwili, na kompyuta 11 ambazo hazikuwahi kuingizwa kwenye domeni tangu siku ziliponunuliwa.

Tangu hapo tumebadilisha kipimo. Kila mwezi tunachukua orodha tatu, yaani daftari la mali, kompyuta zilizomo kwenye domeni, na zile zinazoonekana kwenye seva ya antivairasi, tunazilinganisha na orodha ya WSUS, na jina lolote linalokosekana kwenye mojawapo hufuatiliwa na mtu aliyetajwa kwa jina kabla hatujazungumzia asilimia yoyote.

Kwa nini ninang'ang'ania mashine zisizoonekana kuliko kasi ya zile zinazoonekana? Chukueni mfano wa WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu (kasoro ya usalama) ambalo kirusi hicho kilipitia, MS17-010, tarehe 14 Machi 2017, na kirusi chenyewe kikalipuka tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye. Takriban theluthi ya taasisi za huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza ziliathirika kwa namna moja au nyingine, na ukaguzi uliofuata ulionyesha kwamba zile zilizoambukizwa zilikuwa na Windows isiyotiwa kiraka au iliyokwisha kuachwa na watengenezaji. Kirusi kile hakikusubiri mtu abofye kiambatisho. Kilipita kwenye lango namba 445 kutoka mashine hadi mashine, kwa hiyo ile moja ya chumba cha pembeni ilitosha kuwa mlango wa kuzifikia nyingine zote zisizo na kiraka.

Utaratibu wetu wa mwezi ni huu. Microsoft hutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu walioanza nao Oktoba 2003, na kwa saa zetu hiyo ni saa 2 usiku, au saa 3 usiku wakati Marekani wamerudisha saa nyuma. Jumatano asubuhi viraka vinaingia kwenye kompyuta za kitengo chetu wenyewe, maana si haki kumjaribia mwenzako dawa ambayo hujainywa. Ijumaa vinakwenda kwa kundi la pili la watu 20, ambalo tulilichagua kwa makusudi: kila idara ina angalau mmoja, kila aina ya printa imo, na kila mfumo wa kazi una mtu anayeufungua kila siku. Jumanne inayofuata vinakwenda kwa wote, na tunajipa hadi siku ya kumi na nne kufunga hesabu. Kiraka cha tundu ambalo tayari linashambuliwa huko duniani hakingoji mzunguko huo. Kinakaa saa 24 kwetu kisha kinakwenda kwa wote.

Lile kundi la watu 20 lilizaliwa na yaliyotupata mwaka 2021. Baada ya tundu la huduma ya uchapishaji lililojulikana kama PrintNightmare, kiraka cha Agosti kilibadilisha masharti, ikawa kuweka programu ya printa kunahitaji haki za msimamizi. Kiusalama ilikuwa sahihi kabisa. Kwetu ilimaanisha kwamba Alhamisi asubuhi nusu ya jengo walikuwa wanaombwa nywila ya msimamizi wanapotaka kuchapisha dokezo, na simu ya kitengo haikupumzika. Tungekuwa na mtu mmoja tu wa masjala kwenye kundi la majaribio, tungeliona siku nne kabla.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mzee wa Swichi

Mkuu, heshima yako. Nimeusoma uzi wote na habari ya SusClientId imenigusa, maana nina maabara ya chuo yenye dalili hizo hizo. Hata hivyo kwenye suala la kasi tunatofautiana. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima iliona sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, likiangusha kompyuta milioni 8.5, ndege zikabaki viwanjani, na mashine nyingi zikahitaji kufikiwa kwa mkono. Tangu siku ile msimamo wangu ni kwamba hakuna kiraka kinachoingia kwetu kabla hakijatimiza mwezi mmoja. Wengine wajaribu, sisi tutafuata.

Fundi wa Zamu

Mzee, shikamoo, na hoja yako ni nzito. Naomba tuitenganishe lakini, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili.

Kilichoangusha mashine siku ile hakikuwa kiraka cha aina unayoweza kukichelewesha mwezi. Lilikuwa faili dogo la maelezo ya vitisho, lile linaloanza na C-00000291, ambalo kampuni ililisukuma kwa wateja wote kwa pamoja. Taasisi nyingi zilikuwa zimejiwekea kubaki toleo moja nyuma ya jipya, wakidhani wako salama kama unavyofikiri wewe, lakini mpangilio huo uliihusu programu yenyewe, haukuyahusu mafaili ya aina ile. Lilitoka saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu na kuondolewa saa 2:27. Aliyechelewa kuwasha kompyuta yake mpaka saa tatu alipona, na aliyewahi kazini ndiye aliyeumia. Kwa hiyo funzo ninalolichukua mimi ni kumuuliza kila muuzaji wa programu ni vitu gani anavyovisukuma moja kwa moja bila kupitia kwenye makundi yangu ya majaribio, na kumtaka jibu kwa maandishi.

Jambo la pili lililowatesa watu siku ile ni funguo za BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski kwa siri. Ili kufuta faili lile ilibidi mashine iwashwe katika hali salama, na diski iliyofungwa haifunguki bila tarakimu 48 za ufunguo wa dharura, ambazo wengine walikuwa wamezihifadhi kwenye seva iliyokuwa nayo imelala kwa ugonjwa huo huo. Sisi nakala ya funguo hizo iko nje ya mtandao, kwenye sefu ya mhasibu mkuu.

Kuhusu mwezi mmoja, narudi kwenye zile siku 59. Ukingoja siku 30 kabla ya kuanza, kisha usambazaji wenyewe ukachukua wiki mbili au tatu, umeshaufikia ukingo. Halafu si mashambulizi yote yanayompa mtu siku 59. Oktoba 2025 WSUS yenyewe, yaani hii seva ninayoisifia hapa, ilikutwa na tundu la hatari lililoitwa CVE-2025-59287. Kiraka cha kwanza cha tarehe 14 hakikuliziba sawasawa, Microsoft ikatoa kingine cha dharura tarehe 23, na ndani ya siku moja tayari kulikuwa na mashambulizi dhidi ya seva ambazo malango yake ya 8530 na 8531 yalikuwa wazi kwa intaneti. Kama kuna mtu humu seva yake ya masasisho inafikika kutoka nje ya ofisi, naomba aache kusoma uzi huu kwanza akalifunge lango hilo.

Binti Masjala

Habari zenu. Mimi si mtu wa TEHAMA, ni mtunza kumbukumbu katika ofisi ya umma, na nimeingia humu kwa sababu hizi kompyuta mnazozizungumzia ndizo tunazozitumia sisi. Mwaka jana nilikuwa naandika muhtasari wa kikao wa kurasa kumi na moja, nikaitwa na bosi kwa dakika ishirini, niliporudi nikakuta mashine imejizima na kujiwasha, na nusu ya kazi haipo. Nilipopiga simu nikaambiwa ni usalama. Tangu siku hiyo kila ninapoona kile kijisanduku kinachoniomba niwashe upya ninabofya "baadaye", na ninawajua wenzangu wengi wanaofanya hivyo. Je, hilo mmelifikiria?

Fundi wa Zamu

Dada yangu, pole sana, na ninakushukuru kwa kuandika, maana umegusa sehemu niliyoiruka kwenye bandiko la kwanza na ambayo kwa kweli ndiyo ngumu kuliko zote. Kiraka kikishapakuliwa na kuwekwa, sehemu kubwa ya kazi yake haianzi mpaka mashine iwashwe upya, kwa sababu mafaili ya zamani bado yako kwenye kumbukumbu na ndiyo yanayoendelea kutumika. Mashine iliyowekewa kiraka Jumanne na kuwashwa upya baada ya wiki tatu imekaa wiki tatu bila kinga, ingawa kwa nje inaonekana imeshashughulikiwa.

Sisi nasi tulikosea kama hao wa kwenu. Tulipanga mashine zijiwashe upya saa 4 usiku, kama vitabu vinavyoelekeza, tukasahau kwamba katika majengo yetu mlinzi au mfanya usafi huzima swichi za ukutani saa 12 jioni kwa kuogopa moto na bili ya umeme. Usiku ukipita hakuna kilichotokea, na asubuhi mashine inawaka ikiwa imechelewa, inaanza kudai kile ilichokosa usiku, na mtumishi anakiona kijisanduku hicho wakati ana mteja mbele yake.

Tulichokifanya ni kuhamishia jambo hili saa 7 mchana, wakati wa chakula. Siku mbili kabla, idara inapata ujumbe mfupi kutoka kwa mkuu wake, si kutoka kwetu, ukitaja siku na saa. Siku yenyewe kijisanduku kinatokea saa 6:30 na kinaonyesha dakika zinazobaki. Mtu anaweza kuahirisha, lakini siku tatu tu, na baada ya hapo mashine inajiwasha yenyewe. Idara ya fedha tumewaondolea mzigo huo siku tatu za mwisho wa kila mwezi na wiki ya mwisho ya Juni, wanapofunga mwaka wa fedha. Kwa hiari yao wanatulipa kwa kuwa wa kwanza mwezi unaofuata. Tuliwafundisha pia watu kuwasha uhifadhi wa kila dakika tano kwenye Word, jambo ambalo tungepaswa kulifanya miaka kumi iliyopita.

Na kwa wale wenye seva za Linux wanaocheka kwamba haya ni matatizo ya Windows, angalieni kama kuna faili linaloitwa /var/run/reboot-required kwenye Ubuntu zenu, maana likiwepo mashine inadai kuwashwa upya. Nimewahi kuonyeshwa kwa fahari seva iliyokaa zaidi ya siku 900 bila kuzimwa. Mimi nilichokiona ni kiini cha mfumo ambacho hakijabadilishwa kwa siku 900.

Ruta ya Mkoani

Wakuu, mimi niko tawini, kompyuta 30, na laini yetu kwenda makao makuu ni Mbps 4 tu. Jumanne ya pili ikifika mfumo wa malipo unakwama kutwa nzima na wateja wanatutukana. Pia nusu ya mashine zangu ni za mtumba zilizoletwa kutoka Ulaya, zina Windows 10 na haziwezi kupokea Windows 11. Nifanyeje?

Fundi wa Zamu

Ndugu, hesabu yako iko hivi. Tuchukue kiraka cha MB 700, ambacho ni cha kawaida kwa mwezi. Kompyuta 30 zikikivuta kila moja peke yake, hizo ni GB 21, na kwa Mbps 4 laini yako itajaa kwa karibu saa 12 bila kumwachia mtu mwingine chochote. Kikivutwa mara moja na kugawanywa ndani ya tawi ni kama dakika 23. Kwa hiyo ama weka seva ndogo ya WSUS hapo tawini inayochukua kutoka ile ya makao makuu usiku, ama, kama huna mashine ya kuiacha ikiwaka, washa Delivery Optimization ili kompyuta zigawane vipande zenyewe kwa zenyewe kupitia lango 7680, na uweke ukomo wa kasi saa za kazi. Ukiweka seva, chagua lugha na bidhaa unazozitumia tu, na usiguse kundi la madereva (programu za kuendeshea vifaa kama printa). Mwenzetu mmoja alitia alama kila kisanduku na diski ya TB 1 ikamlilia.

Utaratibu huu ulitusaidia hata pale tusipotarajia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya ukanda wetu ikawa ya kubahatisha, viraka vya mwezi vilitoka siku mbili baadaye. Seva ya makao makuu ilihangaika kuvivuta kwa usiku tatu, lakini vilipofika, matawi yalivipata kwa njia za ndani ya nchi kama kawaida.

Windows 10 ilifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft huuza viraka vya ziada kwa taasisi kwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, bei inayopanda maradufu kila mwaka kwa miaka isiyozidi mitatu, na kwa kompyuta ya mtumba hiyo ni sehemu kubwa ya bei uliyoinunulia. Mimi ningelipia zile zinazogusa fedha peke yake, nyingine ningeziwekea Linux kama kazi yake ni kivinjari tu, na zilizobaki ningezitoa kwenye mtandao wa ofisi.

Neno la kutoa kwenye mtandao limenikumbusha ile ya mwisho katika zile 78. Tuliikuta kibanda cha mlinzi getini, chini ya kaunta, imefunikwa kanga ya vumbi, na juu yake karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: USIZIME KOMPYUTA HII. Ilikuwa Windows 7, kiraka chake cha mwisho kikiwa cha 2019, na hakuna aliyejua nani aliibandika ile karatasi wala mashine inafanya nini. Tuliuliza idara zote, kila mmoja akasema si yake. Ijumaa jioni tukachomoa waya wa mtandao tu, tukaiacha ikiwaka, tukasubiri simu. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Jumatano saa 3 asubuhi msimamizi wa wafanya usafi akaja ofisini kwetu taratibu, akauliza kwa nini orodha ya mahudhurio ya vidole ya vijana wake haimfikii tena ofisa utumishi, na kama safari hii nao watalipwa kwa kuhesabiwa kwa macho.